Hana Ndugu

Nyololo,
18 Februari 2024

Mjukuu wangu Joyness,

Kamwene. Huku tu wazima kwa kiasi cha wazee. Shangazi yako Bertha anauza chai na viazi pale stendi kama kawaida, ng'ombe amezaa dume, na ukungu haujaondoka kwenye mashamba ya chai tangu Jumatatu. Mimi miguu imevimba, na daktari wa Mafinga amesema moyo wangu umechoka. Nikamwambia una haki, umefanya kazi miaka themanini na minne bila likizo. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi ni vijana wenye haraka.

Masikio ndiyo yamekwisha kabisa, kwa hiyo usipoteze vocha kunipigia. Andika. Mpe kondakta yeyote wa basi la Iringa, juu ya bahasha uandike "Bertha wa chai, Nyololo", itafika.

Nimesikia umechaguliwa katibu wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yenu hapo Ilomba. Jumapili niliwatangazia wazee wote wa usharika kabla ibada haijaanza, na kwa kuwa sisikii, sikujua kwamba imeshaanza. Mchungaji akaja kunishika bega. Sijutii. Ukoo wetu wa Kalinga umetoa walimu saba na wauguzi wawili. Afisa ustawi wa jamii ni wewe wa kwanza.

Nakurudishia barua yako ya Krismasi. Wino mwekundu usikutishe, ni mazoea ya mkono. Makosa ni manne tu, na kwa kizazi chenu hiyo ni sifa.

Msalimie baba yako Timotheo. Mwambie chumba kipo akipenda kuja. Najua hatakuja.

Babu yako, na mume wako wa kwanza usisahau,
Mwl. Sosthenes Kalinga


Ilomba, Mbeya,
24 Machi 2024

Babu, mume wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mtoto wangu ameota meno mawili na anang'ata kila kitu pamoja na mimi. Baba mgongo unamsumbua lakini hataki kuacha randa. Ametengeneza madawati ya Sunday school na hakuchukua hata senti.

Samahani kwa kuchelewa. Nina kesi inayonikosesha usingizi. Huyu mama nitamwita Eveline, siyo jina lake, kazini tumekatazwa kutaja. Mume alimkimbia. Ana watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga. Msimu wa mpunga ukifika anakwenda Rujewa kupepeta mashineni wiki mbili, wiki tatu, na watoto anawaacha na mkubwa wao. Huyo nitamwita Tusajigwe, ana miaka kumi na mmoja. Februari alikuwa anawapikia wadogo zake uji, sufuria ikapinduka, mdogo wa mwisho akaungua mguu mzima. Majirani wakapiga simu polisi.

Sasa watoto wapo kwa muda kwenye kituo cha kulelea watoto huko nje ya mji. Kituo kipo tayari kuwachukua moja kwa moja. Ripoti yangu inatakiwa halmashauri kabla ya tarehe 30 Juni: warudi kwa mama, au wabaki kituoni mpaka wawe watu wazima. Nimekwenda kuwaona. Wanakula vizuri, wamevaa viatu. Tusajigwe ameniuliza swali moja tu: "Anti, mama amekufa mkatuficha?"

Nilimwomba Baba ushauri, maana yeye alikulia kwenye kituo. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kamuulize babu yako."

Basi nakuuliza. Nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba wamisionari walimchagua Baba kwa sababu ya akili zake. Lakini alikuwa na bibi yake, alikuwa na shangazi, alikuwa na wewe. Ilikuwaje akapelekwa?

Mjukuu wako,
Joyness


Nyololo,
21 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Kamwene. Hongera kwa meno. Usimpige mtoto anayeng'ata, mpe kipande cha muwa.

Mvua za mwaka huu ni za hasira. Barabara ya kwenda kwenye shule yangu ya zamani imekatika, na watoto wanavuka kwa gogo kama enzi zetu. Nimekumbuka mwaka 1971 nilipoanza ukuu wa shule pale, kijana wa miaka thelathini na mmoja. Tulishika nafasi ya kwanza wilaya nzima. Mkaguzi alisema hajaona daftari zenye mwandiko safi kama zile. Wanafunzi wangu wapo mpaka leo mabenki na mahospitalini, na ukiona mkubwa yeyote wa Mufindi mwenye herufi zinazoegemea kidogo kulia, huyo ni wangu.

Kuhusu kesi yako, fuata sheria, andika ripoti kwa lugha nyepesi, usiweke machozi ndani yake.

Kuhusu baba yako, mambo hayo ni ya zamani. Bertha anasema taa inaisha mafuta, kwa hiyo nakomea hapa.

Babu yako,
Mwl. S. Kalinga


Ilomba,
26 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Habari za miguu? Nakutumia dawa ya kuchua na kilo tano za mchele wa Kyela. Bertha asikuuzie huo mchele stendi, ni wako.

Ninyi mna umeme tangu mwaka juzi. Taa yako inaisha mafuta gani?

Sitakulazimisha. Lakini nakuandikia nikiwa nimeshindwa, na sina mtu mwingine ambaye naweza kumwambia bila kuona aibu.

Kikao cha kamati kilifanyika Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa, Babu. Nilialika kila mtu: Mwenyekiti wa mtaa Mzee Asukile, mwalimu wa Tusajigwe anaitwa Lutengano, nesi wa zahanati, askari wa dawati la jinsia na watoto, mchungaji, mama msimamizi wa kituo, na jirani Mama Sifaeli aliyepiga simu polisi. Eveline alikaa nyuma karibu na mlango. Nilieleza kesi, kisha nikauliza: "Ndugu wajumbe, nani ataweza kuwachukua watoto hawa?"

Wote wakaangalia meza.

Mzee Asukile akakohoa. "Binti, mimi nina wangu saba. Unataka nifungue shule?"

Mama Sifaeli akasema, "Mimi ningeweza kuwalaza, ila..."

"Ila nini?" Mwenyekiti akamkatiza. "Utawalisha? Utawasomesha?"

"Siwezi kuwalisha."

"Basi kaa."

Akakaa. Mama wa kituo peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akasema kwa upole, "Sisi tutawachukua." Watu wakashusha pumzi kama wametuliwa mzigo. Mzee Asukile akasema shauri limekwisha, tuombe.

Eveline hakulia. Alisimama akatoka, akasahau kandambili moja mlangoni. Ninayo hapa ofisini.

Nimebakiza mwezi mmoja. Babu, hukujibu swali langu.

Joyness


Nyololo,
9 Juni 2024

Mjukuu wangu Joyness,

Kamwene, na amani ya Bwana. Baridi imeingia, asubuhi majani yana barafu. Mchele ulifika, na Bertha hakuuza zaidi ya kilo moja. Nimelazwa Mafinga siku sita na kurudishwa. Yule daktari kijana safari hii hakuwa na haraka, alikaa kitandani kwangu akanishika mkono, nami nikaelewa. Naandika leo kwa sababu kesho siijui.

Taa yangu haina mafuta kwa kuwa ni ya umeme. Nilikudanganya. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne alitakiwa kudanganya vizuri zaidi ya hapo.

Kaka yangu Saulo, baba wa baba yako, alikufa Agosti 1971. Mkewe alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma. Alimwacha Timotheo akiwa na miaka minane, mwanafunzi wangu darasa la pili. Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa kuamua mtoto aende wapi, kama ilivyo desturi yetu. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wa marehemu, na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Wazee walinikabidhi kikao. Mfukoni nilikuwa na fomu ya kituo fulani cha kulelea yatima, kituo kizuri chenye shule, nilichokuwa nimekitembelea wiki ile bila kumwambia mtu.

Nikasimama, nikauliza: "Nani kati yenu ataweza kumlea mtoto huyu peke yake? Kumlaza, kumlisha, kumvisha na kumsomesha?"

Mama yangu akasema, "Alale kwangu. Nyumba ninayo, ila mahindi hayanitoshi."

Dada yangu Matilda akasema, "Mahindi nitaleta mimi. Kukaa naye mume wangu hataki."

Jirani yetu Abrahamu akasema ng'ombe wake anakamuliwa, kikombe cha maziwa hakiwezi kukosekana kwa mtoto wa Saulo. Mwinjilisti Eliezeri akasema kaptula na shati la shule aachiwe yeye.

Sikiliza vizuri, Joyness. Nyumba, mahindi, maziwa, nguo. Shule ilikuwa yangu mimi mwenyewe. Mtoto alikuwa amekwishalelewa mbele ya macho yangu, nami nikawakatiza kama wanafunzi wanaojibu bila kunyoosha mkono. "Nimeuliza peke yake," nikasema. "Peke yake, nani?" Wakanyamaza. Hawakuwa na shule, wakadhani swali la mwalimu lazima liwe sahihi.

Nikajaza fomu palepale. Palikuwa na mstari: ndugu wa mtoto. Kituo kile hakikupokea mtoto mwenye ndugu. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: Hana ndugu.

Mama yangu hakujua kusoma. Akauliza, "Umeandika nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Nimeandika kwamba atasoma." Alikufa akiamini hivyo.

Utataka kujua sababu. Nilikuwa nimepewa nyumba ya mkuu wa shule yenye vyumba vitatu. Kimoja cha kulala, kimoja cha wageni. Cha tatu nilikuwa nimeweka redio na rafu ya vitabu. Nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kuwa na chumba cha redio. Bibi yako, ambaye nilimwoa mwaka ule, alisema, "Tutoe redio tumweke mtoto." Nikamwambia hajui heshima ya ofisi. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine kwa miaka hamsini na mitatu, sikuipata.

Wiki iliyofuata mama yangu aliita mgowe. Watu ishirini walikuja na majembe yao, wakalima shamba lake lote kabla ya jua kuwa kali, wakanywa ulanzi wakaenda. Nilisimama pembeni nikitazama. Katika mgowe hakuna anayeuliza nani ataweza shamba hili peke yake. Ukiuliza hivyo shamba litalala pori. Mtu anakuja na jembe lake, anashika sehemu yake. Nilijua hilo tangu utotoni, na nikalisahau siku ile moja iliyohitajika.

Ulipoandika kwamba umeuliza nani atawachukua watoto, niliweka barua chini. Ni swali langu lilelile, limekufikia wewe bila mtu kukufundisha. Huyo jirani aliyesema angeweza kuwalaza, akakatizwa, ni mama yangu. Mrudishe. Itisha kikao tena. Usiulize nani atawachukua. Uliza kila mmoja ana jembe gani.

Nakala ya fomu ile ninayo. Nimeihifadhi kwenye Biblia. Mwonyeshe baba yako barua hii au usimwonyeshe, ni haki yako kuamua. Sijawahi kuwa na ujasiri.

Sosthenes


Ilomba,
7 Julai 2024

Babu,

Barua yako ilikaa kwa Shangazi Bertha siku tano, maana alikuwa ameisoma akahofia yaliyomo. Kisha ikakaa kwangu wiki tatu bila kujibiwa. Sikujua nianze na shikamoo au nisianze.

Shikamoo, Babu.

Tarehe 27 Juni niliitisha kikao tena. Mzee Asukile alikuja amenuna. "Si tulishaomba tukafunga?" Nikamwambia tutaomba tena, Mungu hachoki. Nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika siku za wiki. Nikasema, "Leo simtafuti mtu wa kuwachukua watoto. Wana mama. Nauliza kila mmoja ana jembe gani."

Halafu Mama Sifaeli, bila kusimama, safari hii akamtazama Mwenyekiti: "Nilisema watalala kwangu mama yao akisafiri. Kulisha sikusema. Ila sina godoro."

Mchungaji akasema akina mama wa usharika wana magodoro mawili stoo yanaliwa na panya. Mwalimu Lutengano akasema shule ina uji saa nne, na Tusajigwe asipoonekana darasani, kabla ya saa tano atakuwa amempigia Mama Sifaeli. Nesi akachukua jukumu la kidonda. Askari wa dawati akasema, "Mimi nitapita kila Jumatano. Bila sare, nisiwatishe watoto."

Mzee Asukile akasema, "Afande, ukipita kwa yule mama bila sare kila Jumatano, mtaa utasema una mchumba." Kikao kizima kikacheka, na yeye akacheka, na baada ya kucheka hakuweza tena kununa. Akaomba kalamu. Akasema jina la Eveline litakwenda kwenye mpango wa kaya maskini, na kwamba ni yeye alipaswa kulipeleka mwaka jana.

Karatasi ilikuwa imejaa nilipomsikia Eveline nyuma. "Na mimi? Mbona hamjaniuliza mimi nina jembe gani?"

Babu, niliona aibu. Hata mimi nilikuwa sijamuuliza.

Akaja mbele. Akasema kaka yake Vitus anafanya kazi mashineni Rujewa, anaweza kumpakilia mchele kwenye basi, yeye akauuza rejareja hapa Ilomba. Msimu wa kupepeta ataondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, wala hatalala nje wiki mbili tena. "Lakini mlango wangu haufungi," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nawafungia kwa nje kwa waya."

Nikapeleka ripoti tarehe 28. Watoto wamerudi nyumbani tarehe 3, chini ya uangalizi wa miezi sita. Eveline amechukua kandambili yake.

Sasa Baba. Nilimpa barua yako, sikumsomea. Aliisoma karakana, amesimama, akairudisha kwenye bahasha kwa mikunjo yake ileile. Akasema:

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Sista aliiweka fomu mezani akaenda kuita mtu. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nasoma vizuri. Si yeye ndiye aliyenifundisha? Niliutambua mwandiko kabla sijasoma maneno. Nikasoma mara mbili, nikidhani nimekosea. Nikafikiri labda Baba Mdogo anajua jambo ambalo mimi silijui."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Nilitaka aseme yeye."

Kisha akauliza mlango wa Eveline una upana gani. Ameutengeneza mwenyewe, wa mninga, na komeo kwa ndani. Karatasi bado ipo ukutani ofisini. Jina lake ni la mwisho, ameandika: mlango.

Jumamosi ijayo atakuwa kwenye basi. Amekataa nimsindikize.

Najivunia wewe, Babu. Imenichukua wiki tatu kuliandika neno hilo, lakini ndilo.

Joyness


Nyololo,
4 Agosti 2024

Mjukuu wangu Joyness,

Kamwene. Anayeandika ni shangazi yako Bertha, maneno ni yangu. Mkono hautulii tena kwenye mstari, na sitaki uone herufi zangu zikiyumba.

Tu wazima. Ndama amekua. Wazee wa usharika wamekuja kuniombea, nikatumia nafasi hiyo kuwaeleza habari za karatasi yako ya ukutani, na Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, tumekuja kukuombea, siyo kusikiliza matokeo ya mtihani." Nikamwambia haya ndiyo matokeo pekee ninayoyasubiri.

Baba yako alifika na begi moja na boksi la vifaa. Hakunisalimia kwa haraka. Alisimama mlangoni akatazama chumba cha tatu. Nilipostaafu nilijenga nyumba hii kwa ramani ileile, hata hicho chumba, maana mtu hujenga anachokijua. Redio ilikufa zamani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kilitandikwa tangu Februari.

Akasema, "Shikamoo, Baba Mdogo." Sikusikia, nilisoma midomo yake. Nikaitikia.

Amelala chumba hicho siku kumi. Tumeongea kidogo sana. Amerekebisha kitanda changu ili niweze kukaa bila kushikwa, amekaza dirisha. Nilimwomba msamaha siku ya pili. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kupiga msumari. Siku ya nne akaniletea chai mwenyewe.

Siku ya kuondoka nilimpa fomu. Nilikuwa nimeisahihisha usiku uliotangulia, kwa wino mwekundu, kama ninavyofanya. Nimekata neno Hana. Pembeni nikaorodhesha: Bibi yake, nyumba. Matilda, shangazi, mahindi. Abrahamu, jirani, maziwa. Eliezeri, mwinjilisti, nguo. Ilinichukua saa nzima.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, kama nilivyowafundisha. Akarudia. Kisha akanyoosha mkono nimpe kalamu.

"Umesahau mmoja," akasema, kwa sauti kubwa mdomo karibu na sikio langu, nikamsikia.

Akaandika chini ya wale wanne: Sosthenes, baba mdogo, kusoma.

Ameniachia fomu, nimeiweka hapa juu ya kifua. Herufi zake zinaegemea kidogo kulia. Nimeipitia mara nyingi tangu aondoke, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na sijaona kosa.

Babu yako,
Mwl. Sosthenes Kalinga